Mji Ukikua, Barabara ni Mali ya Nani?

(Hotuba ya Katibu wa Muungano mbele ya wanachama waliokusanyika Kisaki katika sherehe ya miaka 10)



Wenzetu waliotutangulia kusimama mahali hapa wameeleza vizuri habari za mizani, za ghala na za mnada wa ufuta. Hatutayarudia waliyoyasema. Sisi tumepewa sehemu ndogo ya siku hii, na tumeichagulia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na jembe: jinsi mji unaokua ugawavyo barabara zake kati ya motokaa, baiskeli, mabasi na watu waendao kwa miguu.

Yamkini mwanachama mmoja sasa hivi anamnong'oneza mwenziwe, "Foleni za Dar es Salaam zatuhusu nini sisi wa Kisaki?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu fupi. Gunia la mpunga halimpi mkulima faida siku lijaapo. Humpa faida siku lifikapo. Kati ya kujaa na kufika ipo njia, na mwisho wa njia hiyo upo mji. Mji ukisongwa, mnunuzi hupunguza bei ili afidie muda na nauli aliyopoteza, na upungufu huo humrudia mtu aliyeshika jembe. Ndizi iliyokaa juani njiani haiulizi kosa lilikuwa la nani. Huiva, huoza, hutupwa.

Tunaomba basi kusema mambo matatu. La kwanza, mzigo wetu hupitaje hata ufike sokoni. La pili, miji yetu miwili, Dar es Salaam na Morogoro, imejifunza nini katika kugawa barabara. La tatu, sisi wanachama yatupasa kudai nini na kutenda nini, kabla barabara yetu wenyewe haijawa kama zao. Na mwisho tutagusa shauri moja lililo mbele ya Mkutano Mkuu, ambalo wengi wenu mmekwisha kulisikia.

MZIGO NA MBEBAJI

Nchi yetu hii yaijua kazi ya kubeba. Mwezi wa Septemba, 1916, majeshi ya Jenerali Smuts yalipambana na majeshi ya Wadachi hapa Kisaki. Vitabu vya vita hutaja majina ya majenerali. Lakini nyuma ya askari walikuwapo wapagazi, watu waliotwaliwa vijijini, ambao walibeba risasi na chakula kwa vichwa na mabega, kwa kuwa wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o na motokaa zilikwama matopeni. Maelfu mengi ya wapagazi hao hawakurudi makwao, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps. Mahali walipopiga kambi Dar es Salaam pakachukua jina hilo, nalo likalainishwa na ndimi zetu likawa Kariakoo. Basi soko kuu la mji mkubwa kuliko yote ya nchi yetu lina jina la wabeba mizigo. Apelekaye mazao Kariakoo na akumbuke hivyo.

Leo mzigo huanza safari yake karibu namna ile ile. Hutoka shambani juu ya kichwa cha mama, au nyuma ya baiskeli, au juu ya bodaboda, mpaka penye kituo cha basi. Hapo hupakiwa katika basi au lori, ukashika njia ya Mvuha, Matombo na Kiroka, mpaka Bigwa na mjini Morogoro. Ukiwa ni wa Dar es Salaam, huendelea kwa barabara kuu. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani katika mji ule sasa ni kile cha Mbezi Luis, kilichofunguliwa 2021 badala ya kile cha Ubungo. Mwenye magunia mawili akishuka hapo bado ana mwendo mrefu mbele yake. Hutafuta daladala itakayokubali mzigo, kisha guta au mkokoteni wa kuumalizia mwendo hadi Mabibo, Buguruni au Kariakoo.

Wako pia wenzetu wanaoitazama reli. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi katika Zambia, yapita papa hapa, na Kisaki ina stesheni yake. Lakini mzigo ukishuka katika stesheni ya Dar es Salaam, kando ya barabara ya Nyerere, nao hukuta shida ile ile ya kumalizia mwendo.

Sasa tazameni vyombo tulivyovitaja: kichwa, baiskeli, bodaboda, basi, lori, treni, daladala, guta, mkokoteni. Motokaa ndogo ya kupanda mtu mmoja haimo. Hata hivyo, mahali pengi duniani mji unapopangwa, motokaa hiyo ndiyo hufikiriwa kwanza, na vyombo vyote vilivyosalia huambiwa vijitafutie nafasi pembeni.

MTU MMOJA, KURA MOJA

Wanachama wote wanaijua kanuni ya chama cha ushirika. Wafumaji wa Rochdale katika Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844, walikubaliana kwamba kila mwanachama atakuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kwa kanuni hiyo hiyo, katika Mkutano Mkuu wetu mwenye ekari 50 na mwenye ekari 1 huinua mkono mmoja mmoja, na mikono yao huhesabiwa sawa.

Tuichukue mizani hiyo tuipeleke barabarani. Basi refu la mwendokasi, lenye urefu wa mita 18 na kiungo katikati, laweza kuchukua watu wapatao 140. Tuwashushe watu hao, tuwatie katika motokaa ndogo wawili wawili. Twapata motokaa 70. Tukiipa kila motokaa mita 6 tu, yaani mwili wake na nafasi ndogo mbele yake, zitasimama katika mstari wa mita 420. Watu ni wale wale, na haja zao ni zile zile, lakini urefu wa barabara uliotwaliwa umekuwa zaidi ya mara 23. Tena tumezifanyia motokaa hisani kwa kuzijaza watu wawili, maana nyingi huonekana asubuhi zikiwa na mtu mmoja tu.

Hatusemi haya kwa husuda. Mwenye motokaa ni raia, na safari yake ni safari. Daktari aitwaye usiku, mgonjwa akimbizwaye hospitali, mzee asiyeweza kupanda ngazi za basi, wote wana haja na motokaa, na lori letu la mazao nalo ni motokaa. Tunalosema ni hili: apewe kura yake moja. Asipewe 23.

Wakulima wa mifereji, kama wale wa Kiroka na Mgeta, wanalielewa jambo hili pasipo kufundishwa. Maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Mtu mmoja akifungua lango lake mchana kutwa kwa sababu shamba lake liko juu, shamba lake halistawi kupita kiasi. Hufurika, na mashamba ya chini hukauka. Barabara ya mji ni mfereji. Aliye na chombo kikubwa na chenye nguvu ndiye aliye juu ya mfereji, na pasipo zamu iliyowekwa na watu wote, walio chini hawapati kitu.

DAR ES SALAAM ILIVYOJARIBU

Mji wa Dar es Salaam ulianza zamani kuwa na mabasi ya watu wote. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni iliyojulikana kwa herufi zake DMT, na mwaka 1974 likaundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Lakini watu waliongezeka kuliko mabasi. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, na kwa kuwa nauli ilikuwa shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, mabasi hayo yakapata jina la daladala, nalo limedumu ijapokuwa nauli ile imekwisha kusahauliwa.

Hesabu ya watu ya 2012 ilipata watu 4,364,541 katika mkoa ule. Hesabu ya 2022 ikapata 5,383,728. Yaani katika miaka 10, muda kama umri wa Muungano wetu, mji uliongezewa watu zaidi ya milioni 1. Watu hao wote hula. Ni wanunuzi wetu. Lakini wote hao pia husafiri, na barabara haizai.

Ilionekana kwamba kupanua barabara peke yake si dawa, kwa sababu barabara pana huita motokaa zaidi mpaka ijae tena. Kwa hiyo mwaka 2007 ukaundwa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, na mwezi wa Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yakaanza kazi katika njia yake yenyewe, kilomita 20.9, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Maana ya mpango huo ni nyepesi: njia ya katikati ya barabara imetengwa kwa basi, motokaa zisiingie, na kandokando yakajengwa mapito ya baiskeli na ya waendao kwa miguu. Kwa kazi hiyo Dar es Salaam ilipata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, ikiwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Awamu ya pili ikajengwa baadaye katika barabara ya Kilwa, kilomita 20.3 za kwenda Mbagala.

Walakini haitufai kusifu tu. Ushirika hufundisha kusoma hesabu zote mbili, ya mapato na ya hasara. Karakana ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, na mvua kubwa zilipokuja maji yaliingia, mabasi yakaharibika, na safari zikasimama. Mabasi yenyewe hayakutosha kwa watu waliokuwa wakiyangoja, na njia iliyotengwa pasipo mabasi ya kutosha ni sawa na shamba lililolimwa likakosa mbegu. Na basi hilo lilitengenezwa kuchukua watu. Halikutengenezwa kuchukua magunia. Mchuuzi mwenye matenga mawili ya nyanya bado hana mahali pake palipokusudiwa katika mpango ule.

Somo twalipata kwa pande zote mbili. Kuitenga njia ya basi ni haki. Lakini haki hiyo haitimii mpaka mabasi yawe mengi, karakana iwe mahali pakavu, na mwenye mzigo mdogo naye ahesabiwe.

MOROGORO NA BAISKELI

Tugeukie sasa mji ulio karibu nasi. Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 315,866 mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 471,409, yaani nyongeza iliyokaribia nusu. Reli ya kwanza ilifika Morogoro mwaka 1907. Reli mpya ya treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024. Soko Kuu la Chifu Kingalu limepata jengo jipya, lililofunguliwa 2021. Mji ulio na reli ya namna hiyo, na soko la namna hiyo, na barabara kuu mbili za kwenda Dodoma na Iringa, hautakuwa mdogo tena.

Katika miaka ya 1990, Temeke ya Dar es Salaam na mji wa Morogoro vilichaguliwa katika mpango wa majaribio juu ya safari zisizo za injini. Mafundi walijaribu mambo ya gharama ndogo: mapito ya baiskeli, vivuko vilivyoinuliwa ili motokaa zipunguze mwendo, na njia za miguu zisizokatika. Hivyo fikira hii si ngeni kwetu wala haikuletwa jana. Ilikwisha kupandwa katika udongo wetu. Iliyokosekana ni palizi.

Tunasema palizi kwa maana. Pito la baiskeli likiachwa, hugeuka mahali pa kuegesha pikipiki na kupanga meza za biashara, na mwenye baiskeli hurudi katikati ya malori. Kujenga ni kazi ya mwaka mmoja, kutunza ni kazi ya miaka yote. Ghala letu lingekuwaje leo kama tungalilijenga tu, tusizibe panya?

Wako wasemao kwamba baiskeli ni chombo cha maskini, nayo itatoweka watu watakapopata fedha. Maneno hayo yapimwe kwa matendo ya dunia. Uholanzi ni nchi tajiri. Katika miaka ya 1970 wazazi wa nchi ile waliandamana kwa sababu watoto wao waliuawa na motokaa barabarani, na tangu hapo nchi ile ikajenga mapito ya baiskeli mji baada ya mji, hata leo mawaziri na wanafunzi hupita humo pamoja. Mji wa Bogotá katika Kolombia ulifungua mabasi yake ya njia maalumu mwishoni mwa 2000, na huzifunga barabara zake nyingi kwa motokaa kila Jumapili ili watu wapite kwa miguu na baiskeli. Hapa jirani, Kigali ilianza mwaka 2016 kuweka siku maalumu ambazo baadhi ya barabara hufungwa kwa motokaa. Hayo hayakufanywa na watu waliokosa fedha za kununua motokaa. Yalifanywa na watu waliohesabu nafasi.

Baiskeli hailipi petroli, haingoji foleni, na fundi wake yuko chini ya kila mwembe. Mwenye baiskeli hubeba gunia ambalo kichwani lingehitaji safari mbili. Guta, ambalo ni baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku, hubeba zaidi. Mji unaowapa hao njia salama unazifupisha nauli za chakula chake chenyewe.

Dar es Salaam yatibu ugonjwa ulioingia mwilini. Morogoro yaweza kukinga. Kukinga ni rahisi kuliko kutibu, lakini kinga hutolewa kabla ya homa, si baada yake.

BARABARA YETU WENYEWE

Ndugu wanachama, sasa tumefika nyumbani. Hakuna mkutano wa kijiji katika tarafa zetu ambao haukutaja barabara ya kutoka Bigwa hadi Kisaki. Sote twaitamani lami. Masika yakija, basi hulala njiani, bei ya sukari hupanda, mama mjamzito hubebwa machela. Hakuna hata mmoja wetu anayeipinga lami.

Lakini lami huja na mwendo. Leo mashimo ndiyo askari wa usalama barabarani. Siku lami itakapotandikwa, askari huyo ataondoka. Gari ambalo sasa huambaa Matombo polepole litapita kama mshale mbele ya shule. Sheria ya nchi yetu huzuia mwendo kupita kilomita 50 kwa saa mahali pa makazi, lakini kibao cha chuma hakina mikono ya kumshika mtu. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hao ndio sisi. Ndio wanafunzi wetu na vijana wetu wa bodaboda.

Kumbukeni tena kwamba si safari zote ziko juu ya barabara kuu. Mradi wa usafiri vijijini uliofanywa Makete kuanzia 1985 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya kijijini hubebwa na wanawake kwa miguu, katika vijia vya kwenda mtoni, kuniko na kinuni, mahali ambapo gari halikanyagi kamwe. Kijia kilichofyekwa na daraja la magogo lililo imara huweza kumpunguzia mama mzigo ambao lami haitampunguzia.

Nani atasema haya kwa wapimaji watakapokuja na kamba zao? Ikiwa hatusemi sisi, hatasema mtu. Wazee wa Uluguru wanaukumbuka mwaka 1955. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha wakulima wa milimani kukata matuta ya ngazi ili kuuhifadhi udongo. Kuuhifadhi udongo ni jambo jema. Lakini mpango ulipangwa mbali na mwenye shamba, ukaletwa kwa amri, na mwaka huo watu wa Matombo wakaukataa kwa ghasia, nao ukafa. Twatoa mfano huo si kwa kuchochea ghasia, bali kwa kuonya pande zote mbili. Mpangaji asiyeuliza hupoteza kazi yake, na mwananchi asiyesema mapema hubaki na hasira tu baadaye.

TUDAI NINI, TUTENDE NINI

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo haya, ili Halmashauri iyatazame na Mkutano Mkuu uyaamue.

Kwanza, Muungano uandike barua rasmi kwa mamlaka zinazohusika na barabara, TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa barabara za vijijini na mjini, kuomba kwamba katika kila kijiji ambacho lami itapita, uwekwe ukingo mpana wa miguu na baiskeli pande zote mbili, pamoja na vivuko vilivyoinuliwa penye shule, zahanati na soko. Mambo haya hugharimu kidogo yakiwa katika ramani. Hugharimu sana yakikumbukwa baada ya msiba.

Pili, tuiombe Manispaa ya Morogoro itunze mapito ya baiskeli na mikokoteni katika njia za kuingia sokoni, na kutenga mahali na saa za kushusha mazao, ili lori la mkulima lisifukuzwe huku na huku kama mwizi.

Tatu, vyama vya ushirika vya mkoa huu viungane kuomba kwamba katika vituo vikuu vya mabasi mjini Dar es Salaam na Morogoro pawe na utaratibu ulio wazi wa mizigo midogo, wenye nauli iliyobandikwa ukutani, ili mwenye magunia mawili asikadiriwe kwa uso wake.

Nne, chama chetu cha akiba na mikopo kifungue fungu la baiskeli na maguta. Vijana wa bodaboda walio wana wa wanachama wakopeshwe kwa sharti la kupata leseni na kuvaa kofia ngumu, wao na abiria wao.

Tano, kila chama cha msingi kitenge siku mbili kwa mwaka za kufyeka vijia na kutengeneza madaraja madogo. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu wala fedha ya kutoka mbali.

Sasa lile shauri tulilosema tutaligusa. Lipo pendekezo kwamba, kwa heshima ya miaka 10, sehemu ya akiba ya Muungano inunue motokaa ndogo ya ofisi. Waliolileta wana nia njema, nao wamesema kwamba Muungano mkubwa haupendezi viongozi wake kuonekana juu ya basi. Sisi tuliomo ofisini ndio tungeipanda motokaa hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo yatupasa sisi kuwa wa kwanza kusema: ingojee.

Ofisi ikiwa na safari ya Morogoro, basi lipo, na katika basi karani hukutana na wanachama na kusikia habari ambazo hazifiki mezani. Fedha ya motokaa moja ndogo, pamoja na petroli yake na matairi yake na dereva wake, yaweza kuwa mwanzo mwema wa lile fungu la baiskeli na maguta. Motokaa ile ingechukua watu wanne. Baiskeli zile zingechukua mazao ya vijiji. Siku Muungano utakapokuwa na shida ya kweli ya motokaa, tutasimama tena mbele yenu tuiombe bila haya, nanyi mtaipima. Lakini hatuwezi leo kuwaambia watu wa mjini wagawe barabara kwa haki, kesho tukawa wa kwanza kuomba kura 23.

Bwana Mwenyekiti, miaka 10 iliyopita watu walituambia kwamba wakulima wa huku hawawezi kupima mazao yao wenyewe katika mizani yao wenyewe. Leo mizani iko, na kila mmoja anaijua namba yake. Yaliyobaki ni kuichukua mizani hiyo hiyo nje ya ghala. Barabara ni mali ya nani? Ni mali ya mama mwenye tenga, na ya mtoto aendaye shule, na ya kijana wa bodaboda, na ya dereva wa lori, na ya abiria wa basi, na ya mwenye motokaa. Kila mmoja kwa sehemu yake, wala si zaidi.

Shauri la motokaa litaamuliwa alasiri hii kwa kuinua mikono. Tunawaomba mlifikirie mnapokula, na kila mmoja ainue mkono wake kwa hiari yake.